Maisha ya Sir Alexander Fleming, Mgunduzi wa Penisilini

Katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mpunga unapoanza kubeba, watu wengi wa Ifakara na vijiji vya jirani hawaonekani majumbani mwao. Wamehamia mashambani, katika vibanda vilivyojengwa kando ya majaruba, na hukaa huko pamoja na watoto wao kwa wiki nyingi wakiyalinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Mtoto akishikwa na homa huko, safari ya kwenda zahanati ni ndefu na njia ina maji. Aghalabu baba hupanda baiskeli akaenda kwenye duka la dawa lililo karibu, akaeleza hali ya mtoto kwa maneno machache, kisha akarudi na vidonge, au na chupa ya unga wa kuchanganywa na maji. Mara nyingi dawa hiyo ni ya ukoo wa penisilini. Pengine ni amoksilini peke yake. Pengine ni ile ya mchanganyiko, yaani amoksilini pamoja na asidi ya klavulaniki, ambayo wengi huijua kwa jina la Augmentin, na ambayo husifiwa kuwa ni dawa kali zaidi.

Ndugu msomaji, ni sifa hiyo ya ukali iliyotufanya tushike kalamu. Dawa hii imeokoa roho nyingi kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, na wakati huohuo hutumiwa ovyo na watu wasiojua imetoka wapi, inafanya nini na inaweza kudhuru vipi. Tumeona hakuna njia njema ya kulieleza jambo hili kuliko kusimulia habari za mtu aliyeigundua penisilini, kwani mengi tunayopaswa kuyajua leo yeye aliyaona mapema, na aliyasema wazi.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, katika nchi ya Scotland. Baba yake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima. Alikuwa amekwisha kuwa mtu wa makamo alipomwoa Grace Morton, mama yake Alexander, baada ya mke wake wa kwanza kufariki. Alexander alipofikia umri wa miaka 7 baba akafariki, na mama akabaki na shamba na kundi la watoto, wa kwake na wa kambo. Watoto wale walikwenda shule kwa miguu maili kadhaa kila siku, katika nyika yenye baridi na upepo. Fleming mwenyewe alihesabu baadaye kwamba ni katika mwendo ule, akitazama ndege na samaki na mabadiliko ya hali ya hewa, ndipo jicho lake lilipozoea kuona vitu vidogo ambavyo wengine huvipita.

Alipokuwa kijana mdogo alikwenda London kukaa na ndugu zake. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani kwa miaka 4 katika ofisi ya kampuni ya meli, kazi ambayo hakuipenda hata siku moja. Urithi mdogo aliouachiwa na ami yake ukamfungulia mlango: mwaka 1901 akajiunga na chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Katika vyuo vya udaktari vya London alikichagua hicho kwa sababu tu aliwahi kushindana na timu yao katika mchezo wa mpira wa majini. Na alipohitimu mwaka 1906 alibakizwa pale kwa sababu nyingine ndogo kama hiyo. Alikuwa mlenga shabaha hodari, na wakuu wa klabu ya bunduki hawakutaka kumpoteza, wakamtafutia nafasi katika maabara ya Almroth Wright, bingwa wa chanjo. Mwenye kutafakari atastaajabu jinsi ambavyo mambo makubwa hupitishwa katika milango myembamba.

Maabarani mle Fleming alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza mjini London kutumia Salvarsan, dawa ya kaswende iliyotoka Ujerumani. Dawa ile ilitengenezwa kwa asili ya zarniki, ambayo ni sumu, na ilitaka mkono wenye uangalifu mwingi. Ikikosewa mshipa iliunguza mnofu wa mgonjwa. Basi tangu ujana wake wa udaktari alijifunza kwamba dawa iuayo ugonjwa yaweza pia kumuumiza mgonjwa, na kwamba mganga hana budi kuyapima yote mawili.

Fundisho hilo liliingia moyoni mwake zaidi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wright na wasaidizi wake walipelekwa Boulogne, Ufaransa, wakaweka maabara yao katika jengo lililokuwa nyumba ya kamari. Majeruhi waliletwa kwa mamia, na vidonda vyao vilikuwa vimejaa udongo, vipande vya nguo na usaha. Madaktari wa siku zile walivimiminia dawa kali za kuulia vijidudu, wakiamini kwamba kadiri dawa inavyochoma ndivyo inavyoponya. Fleming hakuridhika. Alitengeneza kwa kioo mfano wa jeraha lenye pembe na mashimo kama yale ya risasi na vipande vya mizinga, akalijaza vijidudu, akalimiminia dawa, kisha akalimwaga na kulipima. Vijidudu vilivyojificha katika pembe vilikuwa hai. Tena akaona jambo lililo baya zaidi: dawa zile ziliziua chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wenyewe, kwa haraka kuliko zilivyoviua vijidudu. Kwa hiyo tabibu aliyedhani anamsaidia majeruhi alikuwa akimnyang'anya walinzi wake. Fleming na Wright waliyaandika hayo waziwazi, lakini wakuu wengi wa utabibu hawakuwasikiliza, na majeruhi wakaendelea kumiminiwa dawa zile hadi mwisho wa vita.

Katikati ya vita, mwezi Desemba 1915, alimwoa Sarah McElroy, muuguzi kutoka Ireland, na mwaka 1924 wakapata mtoto wao wa pekee, Robert, ambaye naye alikuja kuwa daktari.

Baada ya vita Fleming alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: kitu cha kuua vijidudu pasipo kuua chembe za mwili. Mwaka 1921 alipatwa na mafua. Akachukua kamasi yake mwenyewe akaiweka juu ya kisahani chenye bakteria, naye akaona bakteria wanayeyuka. Hivyo aligundua kimeng'enya alichokiita lisozaimu, ambacho kimo katika machozi, mate na kamasi, na ambacho ni ngome ya asili ya mwili wa mwanadamu. Kwa bahati mbaya lisozaimu haina nguvu juu ya vijidudu viletavyo maradhi makubwa. Hata hivyo jicho lake lilikuwa limekwisha kuzoea kuitambua alama aliyokuwa akiitafuta.

Mwezi Septemba 1928 alirudi kazini kutoka likizo. Juu ya meza yake kulikuwa na visahani vya kioo alivyopandia bakteria waitwao stafilokoki, wale waletao majipu na usaha. Kisahani kimoja kilikuwa kimeingiwa na ukungu, mfano wa ule unaoota juu ya mkate uliolala. Mtu mwingine angekitupa. Fleming alikitazama akaona kwamba kuuzunguka ukungu ule bakteria walikuwa wamekufa. Aliuotesha ukungu katika supu, akapima maji yake, na kwanza akayaita maji ya ukungu tu. Mwaka uliofuata akayapa jina la penisilini, kwa kuwa ukungu ule ni wa jamii ya Penicillium. Alilofurahia zaidi halikuwa kwamba maji yale yaliua vijidudu. Wauaji wa vijidudu walikuwa wengi. Alifurahia kwamba hayakuzidhuru chembe nyeupe za damu. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yake tangu Boulogne.

Mwaka 1929 aliandika habari hizo katika jarida la kitaalamu, na karibu hakuna aliyezijali. Yeye na wasaidizi wake wawili walijaribu kuisafisha penisilini wakashindwa, kwani iliharibika upesi. Akaendelea kuitumia maabarani kwa kutenganisha aina za bakteria, na miaka ikapita.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Kama mambo yangeishia kwa Fleming, penisilini ingebaki kuwa kitu cha ajabu ndani ya kisahani. Waliogeuza ugunduzi kuwa dawa ni kundi la Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia, Ernst Chain, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, Norman Heatley, fundi wa kubuni vyombo, na wenzao. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya 8 vijidudu vya kufisha, na 4 kati yao wakawapa penisilini. Kulipokucha wale 4 waliopewa dawa walikuwa hai na wale wengine wamekufa. Mwezi Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa taabani kwa usaha uliomwenea usoni na mwilini. Katika siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Waliichuja hata kutoka katika mkojo wake ili wampe tena, na ilipokwisha kabisa vijidudu vilivyosalia vikainuka upya, naye akafa mwezi Machi. Tunamwomba msomaji alikumbuke tukio hili: askari yule alikuwa akipona, na alikufa kwa sababu dozi haikutimia.

Florey na Heatley walikwenda Marekani, na huko penisilini ikaanza kutengenezwa kwa wingi, hata ilipofika mwaka 1944 majeruhi wengi wa vita waliipata. Fleming naye, mwezi Agosti 1942, aliomba dawa kidogo kutoka kwa Florey akamtibu mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ambaye madaktari walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa, akapona. Magazeti yakamtukuza Fleming, yakawasahau wa Oxford. Mwaka 1944 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1945 Tuzo ya Nobel ya tiba ikatolewa kwa watatu pamoja: Fleming, Florey na Chain.

Kuna kisa kinachopenda kusimuliwa hata katika mimbari, kwamba baba yake Fleming alimwokoa Churchill mdogo asizame, na baadaye penisilini ikamwokoa tena Churchill alipougua nimonia. Kisa hicho si cha kweli. Churchill alipougua mwaka 1943 alitibiwa kwa dawa ya jamii ya salfa. Sifa za mtu huyu zinatosha bila kuongezewa chumvi.

Jambo lililo kubwa kwetu katika maisha yake ni hotuba aliyoitoa alipopokea tuzo ile. Wengine wangetumia saa hiyo kujisifu. Yeye alitoa tahadhari. Alieleza kwamba si kazi ngumu kuvifanya vijidudu vizoee penisilini maabarani: huwekewa dawa kidogo isiyotosha kuviua, na vile vinavyosalia huwa sugu. Akahofu kwamba siku itafika ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na mjinga ataitumia kwa kiasi pungufu. Kisha akatoa mfano wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo. Bwana huyo ananunua penisilini, anameza kiasi kisichotosha kuviua vijidudu bali kinachotosha kuvifundisha, kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na dawa haifanyi kazi kwa sababu vijidudu vyake sasa ni sugu. Mke anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemwua, na jibu lake likawa kwamba ni mume, kwa uzembe wake katika kutumia dawa.

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Tangu mwaka 1940, kabla hata mgonjwa wa Oxford hajadungwa, Chain na mwenzake Edward Abraham walikuwa wameona kwamba bakteria wengine hutoa kimeng'enya kinachoikata penisilini na kuifanya isiwe kitu. Hao ni bakteria waliokuwa na silaha hiyo kwa asili. Dawa ilipoenea, waliokuwa dhaifu wakafa, na wenye silaha wakarithi nafasi. Mwaka 1948 daktari Mary Barber alionyesha kwamba katika hospitali moja ya London zaidi ya nusu ya stafilokoki waliopimwa walikuwa hawaiogopi tena penisilini. Miaka michache tu ilikuwa imepita.

Fleming aliishi kuyaona hayo. Mkewe Sarah alifariki mwaka 1949, na huzuni ikamzeesha. Mwaka 1953 alimwoa Amalia Koutsouri-Vourekas, daktari Mgiriki aliyefanya kazi maabarani kwake. Alialikwa katika nchi nyingi, akatunukiwa shahada nyingi, naye akawa na desturi ya kuwapa wafalme na wakuu zawadi ya kipande cha ukungu wake kilichokaushwa ndani ya kioo. Tarehe 11 Machi 1955 alifariki nyumbani kwake London kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's.

Wataalamu waliobaki wakashika kazi ya kukijibu kile kimeng'enya. Mwaka 1957, katika maabara ya kampuni ya Beecham huko Uingereza, walifaulu kupata kiini cha penisilini, na kutokana nacho wakatengeneza aina mpya: ampisilini ikatoka mwaka 1961 na amoksilini mwaka 1972. Hizi zilifika kwa vijidudu vingi zaidi, lakini kimeng'enya kiliweza kuzikata pia. Aina nyingine, kloksasilini, haikukatwa na kimeng'enya cha stafilokoki, na ikaunganishwa na ampisilini kuwa Ampiclox, dawa inayojulikana sana katika nchi zetu. Ndipo katika miaka ya 1970, kutoka kwa kiumbe kidogo cha udongoni kiitwacho Streptomyces clavuligerus, watu wa Beecham walipoipata asidi ya klavulaniki. Mwaka 1981 ikaanza kuuzwa Uingereza ikiwa imeunganishwa na amoksilini.

Sasa tuieleze asidi hii, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Asidi ya klavulaniki yenyewe karibu haiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kujitupa katika kinywa cha kile kimeng'enya na kukiziba, kama mlinzi anayejitia mtegoni ili bwana wake apite. Bwana anayepita ni amoksilini, ileile ya siku zote. Kwa hiyo dawa ya mchanganyiko inafaa pale ambapo kijidudu kina kimeng'enya: majeraha ya kung'atwa na mbwa au na mtu, baadhi ya majipu ya meno, baadhi ya magonjwa ya masikio, kifua na njia ya mkojo ambayo amoksilini imeshindwa kuyaponya. Lakini bakteria waletao maumivu ya koo ya kawaida hawana kimeng'enya hicho. Yule mkuu wa vijidudu vya nimonia kwa watoto, nimokokasi, naye hana. Akiwa sugu huwa sugu kwa njia nyingine. Kwao hao mlinzi hana mtu wa kupambana naye. Mgonjwa analipa bei kubwa zaidi na kujitwisha madhara zaidi, na hapati faida yoyote. Ndiyo maana kwa nimonia ya mtoto inayotibiwa nyumbani Shirika la Afya Duniani huelekeza amoksilini peke yake iwe ya kwanza, tena katika kidonge kinachoyeyuka majini.

Na madhara yapo. La kwanza ni la ukoo mzima wa penisilini: kuna watu ambao miili yao haiipatani nayo. Wengine huwashwa na kutoka vipele. Wachache huvimba midomo na koo, wakashindwa kupumua, na wanaweza kufa katika dakika chache. Yeyote aliyewahi kupatwa na hali hiyo kwa penisilini yoyote, iwe ya sindano au ya kidonge, asipewe dawa hii, na kabla ya kuipokea aseme bila kungoja kuulizwa. La pili ni tumbo: kuharisha na kichefuchefu huzidi kwa sababu ya klavulaniki, na hupungua dawa ikimezwa mwanzoni mwa chakula. La tatu ni ini. Mchanganyiko huu huweza kuziba njia ya nyongo na kuleta manjano, takriban mara 6 zaidi kuliko amoksilini peke yake. Hutokea kwa nadra, zaidi kwa wanaume na wazee, na kwa wanaoitumia kupita siku 14. Ajabu yake ni kwamba manjano yaweza kutokea wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, mgonjwa akiwa amekwisha kuisahau dawa. Mwenye kuona macho yake yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na amwambie mganga kwamba alitumia dawa hii. Wenye figo dhaifu na wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda wanahitaji usimamizi. Na kwa mama mjamzito ambaye chupa imepasuka kabla ya miezi kutimia, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba dawa hii iliongeza ugonjwa mbaya wa utumbo kwa watoto wachanga; madaktari huchagua nyingine.

Jambo lingine wengi hawalijui. Kidonge kilichoandikwa 625 kina miligramu 500 za amoksilini na 125 za klavulaniki. Kile cha 375 kina 250 na 125. Mtu akimeza viwili vya 375 badala ya kimoja cha 625 amepata amoksilini ileile, lakini klavulaniki maradufu, na tumbo lake litamweleza.

Turudi Kilombero, kwa kuwa mji wa Ifakara una ushahidi wake katika habari hii. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha pale maabara ya utafiti, ambayo imekua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na mji ule ukapata sifa ya elimu ya maradhi ya nchi za joto. Mwaka 2008 madaktari waliwapima watoto 1,005 wenye homa, katika Ifakara na Dar es Salaam, wakatafuta sababu ya homa ya kila mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Takriban 70 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao penisilini, iwe na mlinzi au isiwe naye, haiwezi kuugusa. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria ni 22 katika 100, na wa vimelea, hasa malaria, kama 11; wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Watoto 62 katika 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini katika hao ni 5 tu katika kila 100 ambao picha ya eksirei ilithibitisha kuwa wana nimonia.

Hebu fikiri maana yake kwa yule baba mwenye baiskeli. Akinunua dawa kwa kila homa, mara nyingi ananunua bure. Naye hana kosa la kulaumiwa peke yake, kwani kliniki iko mbali, na mwenye duka naye ana kodi ya kulipa. Serikali ililiona tatizo hili, na kuanzia mwaka 2003, kwanza mkoani Ruvuma na baadaye Morogoro na kwingineko, ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo wauzaji wake hufundishwa na huruhusiwa kuuza dawa chache tu za cheti. Muuzaji mwema katika duka kama hilo ni yule anayethubutu kumwambia mteja kwamba mtoto wake hahitaji dawa hiyo, akapoteza fedha yake.

Unyevu wa bonde nao ni adui. Asidi ya klavulaniki huharibika kwa unyevu, ndiyo maana vidonge vyake hufungwa katika karatasi ngumu ya bati. Vikitolewa humo na kufungwa katika kipande cha gazeti, siku chache za masika zinatosha kumwua mlinzi. Ile ya unga, ikishachanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hutakiwa kukaa katika jokofu na kumwagwa baada ya siku 7, hata kama nusu ya chupa imesalia. Kibanda cha shambani hakina jokofu. Na nusu chupa iliyofichwa darini kwa ajili ya mtoto mwingine ndiyo ile dozi pungufu aliyoihofu Fleming.

Lakini tusiseme kwamba mama angoje tu. Wako wale wachache ambao kweli wanaihitaji dawa, na kwao kuchelewa ni kufa. Mama anaweza kuwatambua kwa jicho na kwa saa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mama afunue kifua chake na kuhesabu anavyopumua kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au haamki, basi mpunga uachwe kwa ndege, na mtoto apelekwe hospitali saa ileile.